Mugonjwa wa Inchi Arobaini na Tatu

Jumatatu, tarehe 31 Julai 2023. Masisi.

Wavukire, yaya Kahambu, dada yangu mukubwa. Habari ya Butembo? Habari ya goti lako, limepona ao bado linakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Bwana yangu, Papa Jérôme, iko muzima. Duka iko nzima. Bunduki zinalia ng'ambo ya milima, kisha zinanyamaza, na zikinyamaza tunafungua na kuuza sabuni.

Uliniambia niache kukutumia sauti kwa telefone juu hazifiki. Niandike kidogo kila siku, na shofere akipatikana atakuletea. Haya, ninaandika. Usimusomee muntu mwingine.

Nianze na uchungu. Njia ya Rutshuru imekatwa, wanapenya mashofere wachache tu, bila abiria. Sitafika kwa upadirisho wa Archange. Siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni watauliza nani anamuleta huyu mutoto mbele ya Baba Askofu, na atakayesimama ni wewe, si mimi niliyemuzaa. Nimelia. Kisha nimenawa uso.

Juu jana padiri wetu ametangaza jambo: Misa yote ya Butembo itaonyeshwa katika internet, saa ile ile. Mwenye namna ya kuangalia, aangalie. Shirika letu lote likageuza macho kwangu. Mbele sijafungua kinywa, Mama Mukabaranga wa maziwa akainua mukono. Unamujua, jirani yangu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Akasema kwake kuna televizyo, watu waje.

Kwake! Mutoto wangu, aonekane kwake!

Nikasimama. Nikasema wote wanakaribishwa kwangu, nimekwisha kutengeneza kila kitu.

Sijatengeneza kitu.

Jumatano, tarehe 2 Agosti.

Kuna njia mbili, yaya. Soma polepole, mimi mwenyewe nilielewa mara ya tatu.

Njia ya kwanza: televizyo mupya, ile wanaita smart. Internet iko ndani ya kichwa chake. Unaiwasha, inatafuta yenyewe rezo, yale mawimbi ya internet. Njia ya pili: kabokisi. Kanalingana na kipande cha sabuni. Unakafunga na kamba kwa televizyo uliyonayo, na ile mujinga inapata akili.

Védaste, fundi wa telefone mbele ya soko, anasema kabokisi. Ati smart ni kama muntu mumoja anayekuwa padiri, katekista na mupiga ngoma. Akiugua, hakuna Misa. Lakini kabokisi kakifa, televizyo inabaki, unatafuta kengine.

Callixte, mutoto wa shangazi yetu, yule mwenye kuuza vyombo vya umeme Goma, anasema smart. Kabokisi ni kiraka, anasema, na mama wa padiri havai kiraka. Hapo moyo wangu ulimufuata Callixte.

Nikamuuliza Papa Jérôme. Akasema zote mbili zinaomba rezo, na rezo ya Masisi inajulikana. Akarudi kupima maharagi. Tangu tuoane huyu baba hajanisaidia kuchagua hata kikombe.

Basi nikaipeleka kwa Bikira Maria. Karatasi mbili chini ya sanamu. Rozari nzima. Nikavuta: kabokisi. Nikaona pengine sikuchanganya vizuri. Nikavuta tena: kabokisi. Mara ya tatu ikatoka smart, lakini hapo nilikuwa nimechungulia.

Haya. Mama wa Mungu amechagua. Nimeagiza kabokisi. Amina.

Jumamosi, tarehe 5 Agosti.

Kabokisi kamefika ndani ya koti ya muntu wa moto, wale wa pikipiki. Keusi, kazuri, taa yake ya buluu. Nikamwita Védaste. Nikaita na majirani wawili, washuhudie.

Védaste akaondoa kitambaa juu ya televizyo. Kile ulichonishonea, chenye njiwa. Nimekiacha pale tangu siku uliyokileta, ninakitoa Pasaka tu, kufua. Njo maana Védaste hakuwahi kuona mugongo wa televizyo yangu. Akauangalia. Akakaa chini. Akaniuliza tulinunua mwaka gani. Nikasema ule wa komunyo ya kwanza ya Archange.

Tundu hakuna, yaya! Nyuma ya televizyo kuna vitundu vitatu vya duara, na kamba ya kabokisi iko na kinywa cha bapa. Majirani wakakohoa.

Védaste akasema si mwisho wa dunia. Kuna kingine kidogo, kinakaa katikati kama mutafsiri, kinapatikana Goma. Nikakataa. Kabokisi kanaomba mutafsiri, kesho mutafsiri ataomba musaidizi wake. Tena, nilikuambia mimi tangu mwanzo ilikuwa smart. Bikira Maria alitaka tu kuona kama ninatii.

Jumapili, tarehe 6 Agosti.

Nimefanya tendo la huruma. Baada ya Misa, mbele ya shirika lote, nimemupa Mama Mukabaranga kale kabokisi. Bure. Nikasema kwa sauti ya kutosha watu wa nyuma kwamba ni kasaidizi ka televizyo yake ya kawaida, mimi ninaleta smart.

Akakapokea kwa mikono miwili kama muntu anapewa mutoto muchanga. Akasema Mungu anirudishie, na ataniombea. Nikangoja aone aibu. Hakuona. Huyu mwanamuke hata kumuumiza ni kazi.

Jumatano, tarehe 9 Agosti.

Smart imetoka Goma. Inchi arobaini na tatu! Callixte ameipandisha kwa lori ya chumvi.

Lori imefika Muheto na shofere amekataa kuendelea, juu bunduki zililia mbele. Ameacha smart kwa muchungaji mumoja rafiki ya Callixte. Iko inalala na ndama.

Watu wa moto wote wamekataa kwenda kuichukua. Kati ya Muheto na hapa kuna bariyeri, kamba imefungwa njiani, na vijana wenye bunduki wakiona karato, lile sanduku lenye picha ya televizyo, watasema muiache, sisi tunaichunga. Na hakuna aliyewahi kuona kitu kilichochungwa kikirudi.

Zimebaki siku chache.

Alhamisi, tarehe 10 Agosti.

Nimepata! Mungu anisamehe saa niliyoipata, ilikuwa katikati ya Misa ya asubuhi.

Inje ya kanisa imepita tipoyi. Wanaume wanne, miti miwili mabegani, mama mujamzito ndani ya blanketi, wanamukimbiza hospitali. Unajua desturi ya hapa. Mwenye kukutana na tipoyi hapiti kando. Anaweka jembe chini, anabeba kipande chake, mpaka mwingine apokee. Na kwa bariyeri tipoyi haiulizwi kitu. Hata wale wenye roho ya mawe wanainua kamba.

Nikaangalia ile blanketi. Urefu wake. Upana wake.

Padiri akasema nendeni na amani. Nikaenda mbio.

Papa Jérôme ameacha kupima maharagi. Ameniuliza polepole, "Virginie, huogopi Mungu?" Nikamujibu nimesoma katekismo yote na sikuona mahali imeandikwa neno tipoyi. Akaniuliza mugonjwa ataitwa nani. Nikasema mama yake. Akasema mama yake alikwisha kufa. Nikasema njo vizuri, hawezi kuugua zaidi. Amekataa kuja.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti.

Yaya, keti. Uwe umeketi.

Jana nilishuka Muheto na wanaume wanne niliowaahidi nyama. Tukaitoa smart ndani ya karato, tukaifunga kwa godoro, kisha blanketi mbili, kisha kitenge. Kichwani nikaweka kitambaa cha kichwa. Ilikuwa nyembamba na fupi sana, basi miguuni nikaongeza mufuko wa maharagi. Ikawa mama kabisa. Mimi mwenyewe nilimuhurumia.

Leo asubuhi tumeondoka. Mimi nyuma, rozari mukononi, ninalia. Kulia hakukuwa kazi, nilikuwa ninaogopa.

Bariyeri. Vijana walikuwa wameketi juu ya mawe. Wakasimama. Mumoja akaondoa kofia. Akampa mwenzake bunduki, akamuomba muntu wetu wa mbele mahali pake, akachukua muti begani. Hakuniuliza karatasi. Tukipanda akaniambia, bila kugeuka: "Mama yangu nayeye tulimubeba hivi, kutoka Kibua. Hakufika."

Nilitaka kumwambia, yaya. Badala yake nikaanza Salamu Maria. Akatubebea mpaka juu ya mulima, akamwambia mugonjwa apone, akashuka kurudi. Mimi nikaendelea kulia, lakini sasa ilikuwa kulia kwingine.

Kutoka hapo sikuwa tena mwenye tipoyi. Tipoyi ilikuwa ya watu. Kila shamba tuliyopita walitoka. Wanaume wangu walitembea nyuma mikono mitupu kama wageni. Wale wapya walisema mama huyu amekwisha, hana uzito, lazima mbio. Wakakimbia! Kila jiwe nililipigia kelele: polepole, polepole! Mama mumoja akashika miguu kuikanda, akasema imejaa vipele. Yalikuwa maharagi. Wengine wakaanza wimbo wa Maria. Tulipofika karibu na Masisi tulikuwa watu wengi kuliko Misa ya kwanza.

Nikasema tuelekee kwangu, mama anataka kulala nyumbani. Wakakataa. Mugonjwa wa tipoyi anaenda hospitali, hakuna mambo ya kupenda.

Hapo njo Mama Mukabaranga alitokea, anatoka kwa ng'ombe, bidon ya maziwa mukononi. Akauliza nani. Wakamwambia ni mama mukwe wa Mama Archange. Akaniangalia. Nilidhani atakumbuka mazishi. Kumbe yeye alihamia hapa baada ya mazishi, wakati wa vita vile vingine, hakujua. Macho yake yakajaa machozi. Akasimamisha tipoyi, akamimina maziwa ya moto moto, akapiga magoti.

Nikasema hawezi kunywa! Akasema polepole, asiyeweza kunywa analowanishwa midomo, hata wagonjwa wetu tunawafanyia vile. Akainua kitenge kidogo upande wa kichwa. Akamimina. Akangoja. Akamimina tena. Nilisikia maziwa yanashuka ndani, yaya, kama mvua katika mufereji.

Barthélemy, katekista wetu, bila kuuliza mugonjwa ni nani, akaja na kitabu cha sala ya wanaokaribia kufa. Akataka kuona kama mama anameza. Akafunua.

Akaona uso wenye ndevu unamuangalia. Akaruka nyuma, akafanya alama ya musalaba. Mama mukwe wangu hakuwa na ndevu namna ile. Alijiona mwenyewe, katika kioo.

Wimbo ukakatika. Ng'ombe mumoja akalia mbali. Muntu mumoja akacheka, kisha akaacha, juu hakuna aliyemufuata. Nilingoja wanitukane. Ingekuwa vizuri. Mama Mukabaranga akafunika bidon yake. Akasema kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu na wale wa karibu:

"Mama Archange, siku nikileta mugonjwa wangu wa kweli, kwa bariyeri wataniaminia nini?"

Nikarudisha kitenge juu ya kioo. Watu wakainua miti yao. Na unajua walifanya nini? Waliibeba mpaka kwangu. Wakaitua mulangoni kwa adabu, kama vile ni mugonjwa. Hakuna aliyeomba hata maji.

Jumapili, tarehe 13 Agosti.

Nimeungama. Padiri aliinamisha kichwa, mabega yake yanatikisika. Sijui kama alilia ao alicheka. Kitubio: kila tipoyi itakayopita hapa Masisi, nibebe kipande changu, na Papa Jérôme nayeye. Tena niahidi mbele ya Mungu kwamba sitatumia tena mugonjwa. Nimeahidi.

Papa Jérôme anauliza yeye amekosa nini. Nimemwambia ni ndoa.

Mchana Védaste ameleta jenereta. Tukawasha smart. Mustari mumoja wa kijani ukatokea, ukatetemeka, ukazimika. Kisha harufu. Maziwa yameganda ndani, yaya. Nina televizyo ya mtindi. Védaste akasema ingekuwa kabokisi peke yake kamelowa, tungekatupa, kioo kingebaki. Nikamuomba arudi kwake.

Jumanne, tarehe 15 Agosti. Bikira Maria Kupalizwa.

Asubuhi nikavaa kitenge cha sikukuu. Papa Jérôme akavaa koti. Tukaketi mbele ya telefone yake, tumeiegemeza kwa kopo la maziwa ya unga. Kaduara kanazunguka, kanazunguka. Nikasema sitaenda kwa muntu. Nikasema watanionyesha kidole. Papa Jérôme alifungua vifungo vya koti, akavifunga tena.

Hodi. Ni Barthélemy. Amevaa vizuri, hataki kuniangalia kwa macho. Akasema Mama Mukabaranga anauliza kwa nini tunachelewa. Védaste alikafunga kale kabokisi nilikokatoa sadaka, kanashika rezo vizuri juu nyumba yake iko juu ya kilima. Watu wamejaa. Misa inaanza. Lakini Mama Mukabaranga amesimama mbele ya kioo na mikono wazi, anasema haangalii muntu kabla mama wa padiri hajaketi.

Nikafikiri kukataa. Nilifikiri mpaka mulangoni. Kisha nilikimbia, yaya, viatu mukononi.

Wote walikuwa pale. Wale waliobeba. Mama aliyekanda maharagi. Viti viwili mbele, vitupu. Tukaketi. Mama Mukabaranga akatoka mbele ya kioo, na nyuma yake kukatokea kanisa la Butembo, na mutoto wangu amevaa nyeupe.

Amekonda. Wanamulisha?

Wakamwita jina. Wakauliza nani anamuleta. Nikakuona wewe unasimama, na goti lako. Mimi sikujua kama nimesimama nami, mpaka Papa Jérôme aliponishika mukono, yeye nayeye amesimama. Tulisimama wawili katika sebule ya Mukabaranga, nyinyi kule, sisi huku. Hakuna aliyetuambia tukae.

Kisha mwisho kabisa. Padiri mupya anatoa baraka yake ya kwanza. Sisi wote tukapiga magoti. Archange akageukia kamera, akafungua kinywa, akainua mukono.

Rezo ikakatika.

Akabaki vile, yaya. Mukono juu, kinywa wazi. Hakuna aliyesimama. Nani atasimama katikati ya baraka? Magoti yakaanza kuuma. Mukono bado juu. Muntu mumoja nyuma akaomba kwa heshima kama inaruhusiwa kunyoosha muguu. Barthélemy akasema hapana. Mama Mukabaranga alikuwa kando yangu, akanong'ona kwamba hajawahi kuona padiri mwenye baraka ndefu namna hii, na mimi nikacheka, magotini, mbele ya mutoto wangu, mpaka machozi. Yeye nayeye. Picha iliporudi, Misa ilikuwa imekwisha na watu wa Butembo walikuwa wanacheza.

Nimemuomba musamaha, kule jikoni. Akasema televizyo yangu inakunywa vizuri.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti.

Jana imepita tipoyi, muzee wa mapafu. Nimebeba kipande changu mpaka hospitali. Papa Jérôme nayeye. Bega limevimba lakini roho nyepesi.

Sasa nisikilize. Callixte ametuma habari kwamba Misa ya shukrani ya Archange, tarehe 27, itaonyeshwa nayo. Mama Mukabaranga amekwisha kualika watu wote kwake, mimi wa kwanza. Ni mwema sana. Njo tatizo. Muntu hawezi kwenda kuketi kwa muntu mara mbili bila kumuketisha nayeye kwako.

Nimejifunza, yaya. Smart, hapana! Akili zote katika kichwa kimoja ni majivuno. Safari hii ninaleta televizyo ya bapa isiyo na akili, na kabokisi kando, kama Bikira Maria alivyosema tangu mwanzo. Callixte anazo zote mbili. Kabokisi kataingia katika sidiria. Bado televizyo.

Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba sitatumia mugonjwa. Nitatimiza. Lakini bibi arusi sikuahidi. Zamani hapa Masisi bibi arusi nayeye alibebwa kwa tipoyi, amefunikwa, hakuna wa kumuangalia uso mpaka afike. Wazee bado wanapenda kuona hivyo. Nani atazuia arusi kwa bariyeri? Tena bibi arusi ananyamaza njia yote, ni desturi. Hii imekaa sawa kabisa.

Nimemuelezea Papa Jérôme. Ameacha tena kupima maharagi. Kisha akaniuliza kama ninajua watu wa ng'ombe wanamupokea bibi arusi na nini.

Nimemwambia asianze maneno yake ya maziwa.

Basi, yaya, ninafunga hapa juu shofere iko mulangoni. Salimia wote. Mubusu Archange mikono. Uniandikie haraka uniambie alisema nini pale kinywa kilikuwa wazi, juu mimi sikusikia na ninafikiri ilikuwa jina langu. Unijibu na shofere huyu huyu, usingoje mwingine. Tena unitumie ile shela yako ya arusi. Kama hauna, kitambaa cheupe chochote, mradi kiwe kinafunika inchi arobaini na tatu.

Mudogo wako,
Kasoki Virginie